KABILA, HIMAYA NA UMMA: WAARABU WA ZAMANI NA MWANZO WA UISLAMU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Watu wengi wakisimuliwa habari za Waarabu wa kabla ya Uislamu husikia habari za masanamu, za ulevi na za watoto wa kike waliozikwa wahai. Mambo hayo yalikuwako, wala si uzushi. Lakini liko jambo jingine ambalo msomaji asipolijua hataifahamu vyema sera ya Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.). Nalo ni hili: katika nchi ile, mtu alikuwa akilindwa na nani? Kwa nini Bibi Sumayya aliuawa kwa ajili ya dini yake, na asipatikane mtu wa kumdai muuaji damu yake? Na kwa nini Mtume mwenyewe, aliyekuwa akiipinga ibada ya masanamu waziwazi, alikaa Makka kiasi cha miaka 13 na maadui zake wasithubutu kumwua? Jawabu lake limo katika neno moja ambalo lugha yetu ya Kiswahili imelipokea kutoka Kiarabu: kabila.

MTU ASIYE NA KABILA

Upande wa kaskazini wa Bara Arabu walikuwako wafalme wa Ghassan, waliokuwa chini ya Warumi, na wafalme wa Hira, waliokuwa chini ya Waajemi. Upande wa kusini, katika Yemen, dola zilisimama na kuanguka tangu zamani. Lakini Hijazi na Najdi, katikati ya bara, hapakuwa na mfalme wala kadhi wa serikali, wala askari, wala jela. Mtu akiibiwa au akipigwa hakuwa na mlango wa serikali wa kwenda kuubisha. Mlango wake ulikuwa ni jamaa zake.

Jamaa hao walikuwa wamefungamana kwa damu. Akiuawa mmoja wao, wote walikuwa wamedhulumiwa. Na akiua mmoja wao, wote walikuwa wadaiwa. Damu ililipwa kwa damu, au kwa diya, yaani fidia ya ngamia, ambayo ilitolewa na jamaa wa muuaji na kupokewa na jamaa wa maiti. Wahenga wetu wamesema, “Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.” Mwarabu wa zama zile angeipokea methali hiyo kama kwamba imetungwa hemani kwake.

Haifai kuudharau utaratibu huo. Mahali pasipo na serikali, hofu ya kisasi iliizuia mikono mingi isimwage damu. Na katika utaratibu huo huo yalikua mambo mema ambayo Uislamu uliyakuta na ukayathibitisha: ukarimu kwa mgeni, utimizaji wa ahadi, na ushujaa wa kumtetea aliyeomba hifadhi. Mtu aliyekuwa mbali na kwao aliweza kuingia chini ya himaya ya mwenye nguvu, naye akaitwa “jar”, ambalo wingi wake ni “jiran”. Sisi Waswahili tumelichukua neno hilo tukasema jirani, tukikusudia mtu anayekaa karibu nasi. Kwa Waarabu wale lilikuwa na maana nzito zaidi: jirani ni mtu ambaye ukimwacha akadhulumiwa, heshima yako imekwisha.

Lakini utaratibu huo ulikuwa na kasoro mbili kubwa. Ya kwanza, haukuuliza nani mwenye haki; uliuliza nani mwenzetu. Vita vya Basus, baina ya Bakr na Taghlib, makabila mawili yaliyotokana na babu mmoja, vilianza kwa ngamia jike aliyepigwa mshale, na wapokezi wamesimulia ya kwamba viliendelea kwa muda wa miaka 40. Vita vya Dahis na Ghabra, baina ya Abs na Dhubyan, vilianza katika mashindano ya farasi. Kasoro ya pili ni kwamba asiye na kabila hakuwa na kitu. Mtumwa, mgeni asiyepata wa kumhami, na mtu aliyekanwa na kabila lake mbele ya watu, wote hao damu yao haikuwa na mwenyewe.

MAKKA NA KOO ZA KIKURESHI

Makka ni bonde kavu lisilolimika. Uhai wake ulitegemea kisima cha Zamzam, nyumba tukufu ya Al-Kaaba, na biashara. Kusayy bin Kilab ndiye aliyewakusanya Makureshi wakae pale, akajenga nyumba ya mashauri iliyoitwa Dar al-Nadwa. Misafara yao ilikwenda Yemen wakati wa baridi na Sham wakati wa joto, na safari hizo mbili zimetajwa katika Sura ya Kureshi, ambayo hata watoto wetu wa chuoni wameihifadhi.

Makureshi walikuwa kabila moja lenye koo nyingi: Hashim, Muttalib, Abdu Shams, Naufal, Zuhra, Taym, Adiy, Asad, Makhzum, Jumah, Sahm na nyinginezo. Mali ilipozidi, koo nyingine zilipata nguvu na nyingine zikadhoofika. Na mwenye nguvu akaanza kumla asiye na nguvu. Kiasi cha mwaka wa 590 alifika Makka mfanya biashara kutoka Yemen, akamwuzia bidhaa yake Al-As bin Wail, mkubwa wa Bani Sahm. Al-As akaichukua bidhaa na asilipe. Mgeni yule hakuwa na jamaa pale Makka. Akapanda juu ya jabali la Abu Kubays, akalia kwa sauti akiwaeleza watu dhuluma aliyotendewa.

Baadhi ya wakubwa wa Makka waliona haya. Wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Judaan, wa Bani Taym, watu wa Hashim, Muttalib, Zuhra, Asad na Taym, wakaapa ya kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa ndani ya Makka, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apewe haki yake. Wakaenda kwa Al-As wakaitwaa ile mali wakamrudishia mwenyewe. Mapatano hayo yakaitwa Hilf al-Fudul. Mtume wetu, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kiasi cha miaka 20, alikuwako. Na baada ya kupewa Utume alisema ya kwamba lau angeitwa tena katika jambo kama lile, angeitika. Basi tuzingatie: kabla ya wahyi kushuka, walikwisha kuwako watu waliotambua ya kwamba damu peke yake haitoshi kuwa msingi wa haki.

WENYE NGAO NA WASIO NA NGAO

Wahyi ulipoanza, kiasi cha mwaka wa 610, waliouitikia walikuwa watu wa namna mbalimbali. Wengine walikuwa watu wa koo zenye nguvu, na wengine hawakuwa na ukoo pale Makka. Makureshi walipoanza kuwaudhi Waislamu hawakuwatenda wote sawasawa. Kila ukoo uliachiwa watu wake. Mwenye jamaa alitukanwa, alifungwa nyumbani au alizuiliwa mali yake. Lakini kumwua kulihofiwa, kwa kuwa damu yake ingedaiwa.

Wasio na jamaa ndio walioonja adhabu yenyewe. Sayyidna Bilal, mtumwa mwenye asili ya Habasha, alikuwa chini ya Umayya bin Khalaf wa Bani Jumah. Bwana wake alimlaza juu ya mchanga wa moto, akamwekea jiwe zito kifuani, naye akishikilia kumpwekesha Mwenyezi Mungu, mpaka Sayyidna Abubakar alipomnunua na kumwacha huru. Yasir alikuwa mtu wa Yemen aliyehamia Makka na kuishi chini ya mapatano na Bani Makhzum. Yeye na mkewe Sumayya na mwana wao Ammar waliteswa pamoja, na Bibi Sumayya akauawa na Abu Jahl.

Mwaka wa 615 Mtume aliwaambia baadhi ya wafuasi wake wavuke bahari waende Habasha, kwa mfalme ambaye watu hawadhulumiwi katika nchi yake. Hivyo himaya ya kwanza ya Waislamu nje ya nchi yao ilipatikana katika bara letu hili la Afrika, kwa mfalme wa dini nyingine, ambaye hakuwa na udugu wowote wa damu na wakimbizi wale. Aliwalinda kwa ajili ya haki tu.

HIMAYA YAKATAZWA, HIMAYA YARUDISHWA

Mtume mwenyewe alikuwa chini ya ulinzi wa ami yake, Abu Talib, mkubwa wa Bani Hashim. Makureshi walipoona ya kwamba hawezi kutolewa, waliandika hati wakaitundika ndani ya Al-Kaaba: asiwaoe mtu Bani Hashim na Bani Muttalib, asiwaoze, asiwauzie wala asinunue kwao. Tangu kiasi cha mwaka wa 616 mpaka 619 koo hizo mbili zilikaa katika bonde la Abu Talib katika njaa na dhiki. Ajabu ni kwamba katika bonde hilo walikuwamo walioamini na wasioamini pia. Wale wasioamini hawakuwa wakiitetea dini. Walikuwa wakiitetea damu yao. Abu Lahab peke yake miongoni mwa wakubwa wa Bani Hashim ndiye aliyejitenga akawa pamoja na maadui. Na waliosimama kuibatilisha hati ile walikuwa watu watano wa Kikureshi ambao bado hawakusilimu, akiwemo Mut'im bin Adiy wa Bani Naufal.

Mwaka wa 619 walifariki Bibi Khadija na Abu Talib. Ukubwa wa ukoo ukamwangukia Abu Lahab, na ngao ya Mtume ikavunjika. Akaenda Taif kutafuta watu wa kumsaidia, wakampiga mawe. Alipotaka kurudi Makka hakuweza kuingia mji aliozaliwa mpaka apate mtu wa kumhami. Aliyekubali ni Mut'im bin Adiy. Alitoka yeye na wanawe wakiwa na silaha, wakamwingiza Mtume mpaka Al-Kaaba. Mut'im alikufa bila ya kusilimu. Lakini baada ya vita vya Badr, mwaka wa 624, Mtume alisema ya kwamba lau Mut'im angekuwa hai na akamwomba mateka wale, angewaacha kwa ajili yake. Wema wa himaya haukusahauliwa, ingawa aliyeutenda hakuwa wa dini moja naye.

Hapana kisa kinachoonyesha mageuzi ya nyoyo katika miaka ile kuliko kisa cha Uthman bin Madh'un, wa Bani Jumah. Aliporudi kutoka Habasha aliingia Makka chini ya himaya ya Walid bin Mughira, mmoja wa wakubwa wa Makhzum. Akawa anapita njiani kwa salama, na huku wenziwe wanateswa. Salama hiyo ikawa nzito juu yake kuliko mateso. Akamwendea Walid, akamwomba waende pamoja mbele ya watu, akamrudishia himaya yake hadharani, akisema hataki tena himaya ila ya Mwenyezi Mungu. Haikupita muda akagombana na watu katika baraza ya Makureshi, akapigwa jicho likavimba. Walid akamwambia ya kwamba jicho lile lingeweza kusalimika. Uthman akamjibu kuwa hata lile jicho lake zima linahitaji lililolipata mwenzake katika njia ya Mwenyezi Mungu. Kwa Mwarabu wa zama zile jambo hilo lilikuwa kama wazimu: mtu ana ngao, naye aitupe mwenyewe kwa sababu ndugu zake hawana! Lakini ndugu hao hawakuwa wa ukoo wake. Hapo ndipo palipoanza kuota kitu kipya.

MADINA: MKATABA BADALA YA DAMU

Mwaka wa 622 Makureshi walifanya shauri la kumwua Mtume. Hata katika shauri hilo walifuata hesabu ya kabila: kila ukoo utoe kijana mmoja, wampige kwa pamoja, ili damu yake itawanyike katika koo zote, na Bani Hashim wasiweze kupigana na wote bali wakubali diya. Mwenyezi Mungu akamwokoa, naye akahamia Yathrib, mji ulioitwa Madina baadaye.

Mji huo nao ulikuwa mgonjwa wa ugonjwa ule ule. Makabila mawili ya Aus na Khazraj yalikuwa ndugu wa asili, lakini yalichinjana miaka mingi, na vita vyao vya mwisho, vya Buath, vilikuwa kiasi cha mwaka wa 617. Wote walichoka, wala hapakuwa na mtu wa kuwapatanisha ambaye si wa upande mmoja. Walipompokea Mtume katika ahadi za Akaba, waliahidi kumlinda kama wanavyowalinda wake zao na watoto wao. Ahadi hiyo ilikuwa ngeni: watu wa kabila moja wanajifunga kumlinda mtu wa kabila jingine dhidi ya kabila lake mwenyewe.

Huko Madina Mtume aliunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari. Saad bin Rabii, Ansari, alimpa nduguye Abdurrahman bin Auf, aliyefika mikono mitupu kutoka Makka, nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu, akafanya biashara mpaka akatajirika. Mwaka wa 625 Saad alikufa shahidi katika vita vya Uhud, na Abdurrahman akatoka vitani humo na majeraha mengi. Watu hao hawakuzaliwa pamoja, lakini walikula pamoja na walikikabili kifo pamoja.

Tena ukaandikwa Mkataba wa Madina, ambao Ibn Ishak, aliyefariki kiasi cha mwaka wa 767, ametuhifadhia maneno yake. Mkataba huo haukuyafuta makabila. Uliyataja moja moja kwa majina, na kila moja likaamrishwa liendelee kulipa diya zake na kuwakomboa mateka wake kama desturi yake. Lakini juu ya makabila hayo uliweka jambo jipya: waumini wote ni umma mmoja. Mtu akidhulumu, mikono yao wote iwe juu yake, hata akiwa ni mtoto wa mmoja wao. Himaya anayoitoa mnyonge wa waumini iwafunge wote. Mayahudi walioingia katika mapatano wawe na dini yao na Waislamu wawe na dini yao, na wote wasaidiane kuulinda mji. Na ugomvi wowote urudishwe kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Tazama tofauti yake. Zamani mnyonge hakuweza kumhami hata nafsi yake. Sasa neno lake moja lawafunga wenye nguvu. Zamani baba alimficha mwanawe muuaji. Sasa baba ndiye anayetakiwa amkamate.

UKELELE WA KISIMANI

Lakini desturi iliyokaa karne nyingi haiondoki kwa siku moja. Katika safari ya vita vya Bani Mustalik, Muhajiri mmoja na Ansari mmoja waligombana penye maji, mmoja akampiga mwenzake. Ansari akalia, “Enyi Ansari!” na Muhajiri naye akalia, “Enyi Muhajirina!” Watu wakaanza kukusanyika pande mbili. Mtume alipousikia ukelele huo alitoka, akauliza una maana gani wito huu wa kijahilia, akawaamrisha wauache, kwa maana unanuka. Abdullah bin Ubayy alijaribu kuuchochea moto huo, na habari yake imetajwa katika Sura ya Munafikun. Mtume akawaondosha watu, akawaendesha mchana na usiku mpaka uchovu ukawasahaulisha ugomvi.

Hapa pana jambo ambalo yafaa tusimame tulitazame. Walioitana kisimani hawakulitaja kabila lolote la zamani. Majina waliyoyatumia, Muhajirina na Ansari, ni majina matukufu yaliyosifiwa katika Kurani. Hata hivyo Mtume aliuita wito wao kuwa ni wa kijahilia. Basi ujahilia hauko katika jina. Uko katika kumwita mtu aje akusaidie kabla hujaulizwa kama una haki.

ALIANZA NA JAMAA ZAKE

Mwaka wa 630 Makka ilifunguliwa. Bilal, ambaye zamani hakuwa na mtu wa kumdai damu yake katika mji ule, alipanda juu ya Al-Kaaba akaadhini, na wakubwa wa Makureshi wakimsikiliza. Wafasiri wengine wameeleza ya kwamba Aya ya 13 ya Sura ya Hujurat ilishuka kwa sababu ya maneno ya dharau yaliyosemwa siku hiyo. Aya hiyo haikanushi mataifa na makabila; inaeleza ya kwamba yamewekwa ili watu wajuane, na mbora wao mbele ya Mwenyezi Mungu ni mcha Mungu zaidi.

Mwaka wa 632, katika Hija ya kuaga, Mtume alitangaza ya kwamba visasi vyote vya damu vya zama za ujahilia vimeondolewa. Wala hakuanza na visasi vya watu wengine. Damu ya kwanza aliyoifuta ilikuwa ya mtoto wa Rabia bin Harith, mjukuu wa Abdul Muttalib, aliyeuawa na watu wa Hudhayl alipokuwa akinyonyeshwa kwa walezi wake. Hiyo ilikuwa haki ya Bani Hashim wenyewe. Na riba ya kwanza aliyoifuta ilikuwa ya ami yake, Abbas bin Abdul Muttalib. Mwaka huo huo, kabla ya kufariki, alimpa uamiri wa jeshi Usama, kijana asiyetimiza miaka 20 au aliyeitimiza tu, mwana wa Zayd bin Haritha aliyepata kuwa mtumwa, na wa Umm Ayman, mwanamke wa asili ya Habasha. Masahaba wakubwa walikuwa chini yake.

YALIYOFUATA, NA SISI

Historia yatutaka tuseme kweli yote. Ukabila haukufa. Mwaka wa 684, miaka 52 tu baada ya kufariki Mtume, makabila ya Kays na Kalb yalipigana huko Marj Rahit, karibu na Damaski, na uadui wao ukaiudhoofisha dola ya Bani Umayya mpaka ilipoanguka mwaka wa 750. Wasio Waarabu waliosilimu walitakiwa wajifunge na kabila la Kiarabu, na katika majimbo mengine waliendelea kutozwa jizya hata baada ya kusilimu, mpaka Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala tangu 717 mpaka 720, alipoamuru waondolewe. Kwa hivyo udugu ule haukuwa zawadi iliyotolewa mara moja ikabaki. Kila kizazi kilitakiwa kiujenge upya, na vingine havikuujenga.

Ndugu wasomaji, katika miji yetu watu wa makabila mengi husimama katika safu moja ya sala, kila mmoja na lugha ya mama yake. Hakuna anayetakiwa aikane asili yake. Mkataba wa Madina haukumtaka mtu afanye hivyo. Lakini swali la Makka lingali likituuliza. Mgeni akifa katika mji asio na ukoo, ni nani anayemkosha, anayemkafini na anayefuata jeneza lake? Mjane asiye na shemeji wa kumsemea, ni nani anayesimama naye mirathi inapogawanywa? Kijana akija kuposa, tunauliza kwanza dini yake na tabia yake, au tunauliza kwao ni wapi? Na ugomvi ukiingia msikitini, twamtazama mwenye haki, au twamtazama mwenzetu?

Tena tukumbuke ukelele wa kisimani. Ikiwa jina la Ansari liliweza kugeuzwa kuwa wito wa kijahilia, basi jina la chama, la msikiti au la jumuiya yoyote laweza kugeuzwa vilevile. Jumuiya ya Waislamu hupimwa kwa yule asiye na mtu. Yeye akipata haki yake kwetu kama anavyoipata mwenye jamaa wengi, tutakuwa tumeshika japo ncha ya yale yaliyojengwa Madina.

Mwenyezi Mungu atuunganishe nyoyo zetu na atujaalie kuwa miongoni mwa wasimamao na haki, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Amin.